Mwalimu Auleria na Uchafu wa Mumewe

Kuna watu ambao kiti huwauma, na Mwalimu Auleria wa Chanika ni mmoja wao. Huu ni mwaka wa sita tangu astaafu ualimu wa shule ya msingi, lakini ukimkuta ameketi basi anachambua mchele, na ukimkuta hachambui mchele basi yuko njiani kwenda kuuchambua. Kengele ya shule ilimlilia miaka thelathini na nne, na kichwani mwake bado hajatokea wa kuizima. Saa kumi na mbili asubuhi, majirani wakiwa bado wanatafuta kandambili zao chini ya vitanda, ufagio wake wa chelewa unasikika tayari uwanjani, shwa, shwa, shwa. Kukipambazuka vizuri, mchanga wote mbele ya nyumba una mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu, na ole wake kuku atakayepita.

Usafi huo hakuzaliwa nao. Aliupata Tandika, kwa kuaibishwa. Alifika Dar es Salaam akiwa bibi harusi mbichi kutoka Muleba, yeye na mumewe Leodegar wakapanga chumba kimoja katika nyumba yenye wapangaji sita, na kila mpangaji alikuwa na zamu ya kufagia uwanja. Zamu yake ya kwanza Auleria alifagia mbele ya milango tu, akaacha majani yaliyodondoka chini ya mlimau. Mama mwenye nyumba akatoka, mikono kiunoni, akaita kila mtu aje ashuhudie. "Mwalimu mzima, ufagio haujui! Kwani huko kwenu mnalala na majani?" Nyumba nzima ilicheka. Auleria alicheka nao kwa mdomo, lakini moyoni alilia, na mpaka leo akilikumbuka jambo lile masikio yanapata moto. Ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Yeye alifumba yote mawili. Mwaka ulipokwisha, wenyeji wenyewe walikuwa wanamwonea haya kwa jinsi alivyofagia.

Walipojenga Chanika, Leodegar alimwachia mkewe uwanja wote isipokuwa kipande kimoja. Alikuwa msaidizi wa wapima ardhi, mtu wa kamba na futi, na mbele ya baraza alipima mstari, akapanda vichaka kumi na viwili vya iksora, ile mimea ya majani mazito yasiyokauka mwaka mzima, inayotoa vishada vya maua mekundu. Kati ya vichaka vile na uwanja alilaza safu ya matofali. Huku kwa Auleria, kule kwa Leodegar. Huku paling'aa. Kule majani ya mkorosho wa jirani yalianguka, yakaachwa, yakalaliwa na mengine. Wageni wa jumuiya walipokuja kusali, Auleria alikuwa akikaza macho yasivuke matofali.

"Baba Stanley, uchafu wako huo utatuletea nyoka," alikuwa akisema.

"Nyoka akija atajua hapa pana mwanamke mwenye ufagio, atarudi mwenyewe," Leodegar alikuwa akimjibu, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mapenzi kwa miaka kumi na minane. Wala hakuwahi kumweleza kwa nini anayaacha. Alidhani mke wa Kihaya, binti wa wakulima, anajua. Naye Auleria alidhani ni uvivu wa wanaume.

Kisha kiharusi kikamkuta Leodegar bafuni. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kukokota, na maneno yakaenda yote. Alirudi kutoka hospitalini akiwa na "eee" moja tu, na fimbo katika mkono wa kushoto. Asubuhi anatolewa, anakalishwa barazani kwenye kiti cha mianzi, anatazama vichaka vyake. Hana kingine. Redio haitaki, wageni wanamchosha, mechi za mpira zinamfanya alie. Vichaka anavitazama mpaka jua linapomfikia magotini.

Wiki ile ya kwanza Auleria alizunguka nyumba akitafuta la kumfanyia. Kumlisha alishamlisha, kumkanda alishamkanda. Mwishowe akaona pale ng'ambo ya matofali. Kama mume wangu atashinda anatazama mahali pamoja, alijiambia, basi pawe mahali pasafi. Akavuka na ufagio na reki, akaondoa vikapu saba vya majani meusi yaliyoanza kuwa udongo, akavipeleka nyuma ya choo na kuvichoma moto. Alifagia mpaka chini kabisa ya matawi, akapiga magoti kuokota vijiti. Alikuwa akilia na kufagia. Kama kuna siku Auleria alimpenda mumewe kuliko siku ya ndoa, ilikuwa siku ile.

Na tangu siku ile, kila asubuhi, hakuishia kwenye matofali.

Miezi ikapita, kisha vichaka vikaanza kuugua. Kwanza majani yalipauka, mishipa ikabaki ya kijani katikati ya unjano. Kisha ncha zikaungua, zikawa kahawia. Kichaka cha kwanza upande wa geti kikakauka tawi baada ya tawi. Auleria hakulala usingizi wa maana. Alimwagilia asubuhi, akamwagilia saa saba jua likiwa utosini, akamwagilia jioni, kidogo kidogo, mara tatu kwa siku, kama mtu anayepita na ndoo kila akikosa kazi. Akaweka mbolea ya kukuzia. Siku tatu baadaye, kwa kuwa hakuona mabadiliko, akaweka tena. Akaona sisimizi, akawamwagia maji ya sabuni. Akachukua mkasi akakata, akasimama akatazama, akaona upande mmoja umezidi, akakata tena. Watu wazima walishasema, mkamia maji hayanywi, lakini nani angemwambia hivyo mwalimu? Kichaka cha pili kikafuata, na cha tatu.

Jambo jingine lilikuwa la mzee. Kila asubuhi Auleria akiwa anafagia, Leodegar aligonga sakafu kwa fimbo. Ko, ko, ko. Anataka chai. Auleria alikuwa akipaza sauti bila kuinua kichwa: "Nakuja, Baba Stanley, chai inachemka, namalizia hapa tu!" na kufagia kwa kasi zaidi. Akiinuka na kupeleka kikombe, mzee alikipokea, akageuza uso ukutani. Hilo lilimuuma Auleria kuliko yote. Alijua maana yake, au alidhani anajua: mume wangu anaona vichaka vyake vinakufa mikononi mwangu, na kikifa cha kumi na mbili, naye atakwenda. Hakumwambia mtu wazo hilo. Lakini kila jioni alivihesabu vile vyenye majani, na namba ilikuwa inashuka.

Jumapili moja mtoto wao Stanley alikuja kutoka Mbweni. Stanley ni kijana mwema, ana nyumba mpya kule, na uwanja wake wote umezibwa kwa vitofali vya pevingi, hata jani likitaka kuanguka halina pa kushikia. Aliviangalia vichaka, akamwangalia mama yake aliyekuwa amesimama na ndoo wakati wengine wanakula.

"Mama, kaa kwanza. Hii bustani inakuua," alisema. "Nimeongea na fundi. Jumamosi tunang'oa hivi vijiti vyote, tunaweka pevingi mpaka getini. Mzee atapata mahali pa kutembelea, na wewe utapumzika."

"Na atatazama nini?"

"Mama, sasa hivi anatazama nini? Anatazama vitu vilivyokufa."

Mwalimu akikosa jibu hufuta ubao. Auleria aliokota sahani ambazo watu walikuwa hawajamaliza.

Jumatatu hakufanya la maana. Jumanne aliosha mapazia yaliyokuwa safi. Jumatano alimpigia Stanley mara mbili kumwambia asilete fundi, na mara zote mbili akaishia kumuuliza watoto wanaendeleaje. Alhamisi asubuhi, baada ya kumpa mzee chai, alitembea mpaka barabarani kwa Mauwa, mama wa Kimakonde kutoka Newala anayeuza miche kando ya barabara.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mauwa, nipe iksora kumi na mbili, kubwa, zenye maua. Nizipande leo, Jumamosi mwanangu azikute."

Mauwa alikuwa akijaza udongo kwenye viroba vya miche. Hakuinuka. "Zile za mzee zimefanyaje?"

"Zinakufa."

"Zinakufa na nini?"

"Ningejua ningekuja kwako?"

"Basi siuzi," alisema Mauwa. "Nikuuzie miche kumi na miwili ikafie palepale, halafu useme miche ya Mauwa mibovu? Twende nikaone."

Mauwa alimwamkia mzee barazani, akapata "eee" yake, kisha akavuka matofali na kuchutama. Alikwaruza shina la kichaka cha kwanza kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa kahawia, pakavu. Akaenda cha pili, cha tatu, cha nne: hivyohivyo. Cha tano akakwaruza, akatulia, akamwita Auleria aone. Chini ya ganda palikuwa kijani, kijani kibichi chenye maji. Vilivyobaki vyote vilikuwa hivyo.

"Vinne vimekwenda. Vinane vizima," alisema Mauwa. "Vimechoka tu." Kisha akatazama ardhi, mchanga mweupe wenye mistari ya chelewa, na mizizi iliyotokeza juu, myembamba, imekwanguka ngozi. "Nani kafagia huku?"

"Mimi mwenyewe," alisema Auleria, na hata katika huzuni yake sauti ilibeba fahari kidogo. "Kila siku."

Mauwa alipangusa mchanga viganjani. "Mwalimu, samahani, mie sijasoma. Kwenu Bukoba, migombani mnafagiaga?"

"Kibanjani? Nani afagie kibanja!" Auleria alikaribia kuudhika. "Mama yangu angeniona na ufagio kwenye migomba angenifukuza nao. Kule tunatandaza nyasi, tunatandaza majani, ardhi ya mgomba haiachwi uchi, jua litachoma mi..."

Hakumaliza. Mauwa naye hakummalizia. Aliokota jani moja la mkorosho na kuliweka juu ya mzizi, kwa adabu, kana kwamba anamfunika mtoto.

"Lakini iksora si mgomba," alisema Auleria. Aibu ya Tandika ilikuwa imerudi, ila safari hii haikujua imgeukie nani. "Na majani ni takataka. Na mimi sichimbi, Mauwa, nafagia juu juu tu. Ngoja nikuonyeshe."

Aliuchukua ufagio, akavuka matofali, akainama. Shwa.

Ko, ko, ko, ikatoka barazani.

"Anataka chai," alisema Auleria. "Nakuja, Baba Stanley!"

"Si ametoka kunywa?" alisema Mauwa. "Kikombe hicho hapo, kitupu."

Auleria aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza, katika miezi kumi na minne, kumtazama mumewe wakati anagonga. Siku zote alikuwa ameinama, anakimbizana na majani. Leodegar alikuwa amejivuta mpaka ukingo wa kiti, shingo imemsimama, na macho yake hayakuwa kwenye kikombe. Yalikuwa kwenye ufagio.

Auleria alirudi nyuma, akavuka matofali, akafagia uwanjani. Fimbo ilinyamaza. Akafagia tena palepale kwa nguvu zaidi. Kimya. Kisha akavuka, akagusa mchanga wa chini ya kichaka cha tano kwa ncha ya chelewa.

Ko, ko, ko.

Ufagio ulimtoka mkononi. Alikwenda barazani, akapiga magoti mbele ya kile kiti cha mianzi, na Mauwa, aliyekuwa mtu mwenye akili zake, akageuka na kuanza kuhesabu vichaka alivyokwisha kuvihesabu.

"Kila siku ulikuwa unaniambia?" alisema Auleria. "Kila siku, Baba Stanley? Na mimi nakuletea chai?"

"Eee," alisema Leodegar. Mdomo wake uliokwenda upande ulitikisika, machozi yakamtoka jicho moja, na kifua kikaanza kuruka. Ilimchukua Auleria muda kutambua kwamba mzee alikuwa pia anacheka. Vikombe vya chai zaidi ya mia nne, asivyoviomba, na alivinywa vyote. Auleria alitaka kucheka naye akashindwa. Alikuwa na uchungu ambao hakujua autupe wapi, kwa sababu mkosaji hakuwa mwingine ila yeye, na kosa lenyewe lilikuwa mapenzi.

Mauwa aliacha maagizo yake na kurudi kwenye miche. Majani yarudishwe, unene wa vidole vinne, lakini yasiguse shina. Maji mara mbili kwa juma, mengi, yashuke chini, si ya kulamba. Mbolea ya kukuzia hapana. Mkasi hapana. "Na dawa kubwa kuliko zote," alisema akiwa getini, "ni wewe kukaa."

Alhamisi ile na Ijumaa yake Auleria alizunguka kwa majirani akiomba uchafu. Ndivyo alivyosema, "Naomba uchafu wenu," na watu wakamjazia mafurushi ya majani ya mkorosho huku wakitazamana. Alitandaza kwa mikono, akipima vidole vinne kila mahali kama mtu anayesahihisha mitihani. Leodegar alitazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Fimbo ilikuwa imelala mapajani.

Jumamosi saa tatu, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilisimama getini kimejaa pevingi. Stanley akashuka, na fundi mmoja aitwaye Didas akashuka na sururu.

"Shikamoo, mama. Sasa mbona tena mmeacha uchafu wote huu?"

"Stanley, mwambie fundi asubiri."

"Mama, tulishaongea. Didas ana kazi nyingine mchana." Hakuwa mkali, alikuwa mtu mwenye haraka, na haraka hiyo aliirithi kwa mama yake. "Fundi, anza na vile vikavu vya huko getini."

Auleria alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri, ya ganda la kijani, ya mizizi, ya migomba ya Muleba. Yote yalimpotea. Didas alitema mate viganjani, akavuka matofali, akainua sururu.

Ko, ko, ko.

"Mzee anataka chai," alisema Stanley. "Mama, mpe mzee chai, hapa sie tutamaliza."

Auleria alihisi kitu kikimpanda kutoka miguuni. Alikwenda akasimama kati ya fundi na kichaka, mwanamke mfupi wa kanga iliyopauka, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya darasa la watoto tisini.

"Baba yako kashakunywa chai. Anakwambia uweke hicho chuma chini!"

Didas alishusha sururu bila kuulizwa mara ya pili. Alishawahi kuwa mwanafunzi wa mtu. Stanley alimtazama mama yake, kisha akamgeukia baba yake, na Leodegar, akiwa ukingoni mwa kiti na fimbo imeinuliwa, alimtazama mwanawe usoni na kugonga mara moja zaidi, taratibu. Stanley alikwenda akakaa kwenye sakafu ya baraza, miguuni pa baba yake, na kwa muda mrefu hakushika simu.

Pevingi hazikurudi. Didas alizipanga kutoka ngazi ya baraza mpaka kwenye matofali, njia ya upana wa watu wawili, na jioni Leodegar alishikwa mkono akaipita, hatua kumi na tisa, akavitazama vichaka vyake kwa karibu mara ya kwanza tangu augue.

Vuli imepita sasa. Vinne vimekufa kama Mauwa alivyosema, na mahali pake pana miche aliyoileta mwenyewe bila kuombwa. Kimoja kati ya vile vinane nacho kilikataa. Saba vimetoa majani mapya, madogo, mekundu kwanza kisha ya kijani, na kimoja kina kishada. Majirani wanasema Mwalimu Auleria amezeeka, uwanja wake upande mmoja ni jalala. Maneno hayo yanamfikia na yanamchoma, tusidanganyane, masikio yanapata moto uleule wa Tandika.

Wala hajapona kutotulia kwake. Kuna asubuhi anafagia, mawazo yako mbali, shwa, shwa, na mguu unavuka matofali wenyewe. Mzee hahitaji tena kugonga mara tatu. Anagonga moja. Auleria anasimama, anarudi, anaegemeza ufagio ukutani, na anakwenda kukaa karibu naye, mikono ameikalia, mpaka itulie.